Kinachosimamisha Gari ni Barabara

Kwenye barabara ya taifa namba 2, kati ya Rutshuru na Goma, neno «breki» linatembea na vitenzi vingi. Dereva wa Fuso anafunga breki, motari wa pikipiki anapiga breki, mwenye gari dogo anakanyaga. Fundi akiwa chini ya gari anachomeka «frein» ya Kifaransa na wote wanaelewana. Mimi nakipenda kitenzi kimoja kuliko vyote: kushika. Breki zimeshika; breki hazishiki.

Chukudu, kigari cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo, ndiyo mwalimu mzuri wa jambo hili, kwa kuwa breki yake haina siri. Chombo ni cha mbao, magurudumu yamevishwa mpira wa tairi kuukuu, na nyuma kuna kipande cha mpira ambacho mwendeshaji anakigandamiza kwa mguu juu ya gurudumu. Hakuna waya wala mafuta. Anaposhuka kutoka Kibumba kuelekea Goma na magunia ya makaa, mteremko unampa nishati asiyoiomba. Mtu, chombo na mzigo vikifika kilo 400, kila mita 100 za kushuka wima zinatoa nishati ya kuchemsha lita moja ya maji baridi. Breki haiwezi kuiangamiza. Inaigeuza kuwa joto tu, na joto hilo linaishia kwenye mpira, gurudumu na hewa.

Fizikia inauita mguso huo wa mpira na gurudumu msuguano, na kwangu hii ni kati ya istilahi bora tulizo nazo. Frottement ya Kifaransa haisemi nani anamsugua nani. Kiswahili kimetia ndani yake -an-, ile ile ya kupendana na kupigana: hakuna anayesugua peke yake. Newton aliandika kanuni yake ya tatu mwaka 1687. Mnyambuliko wetu unaibeba bila hesabu. Breki zikishika, tairi linaisukuma barabara mbele, barabara inalisukuma tairi nyuma kwa kani iliyo sawa. Kwa hiyo breki inazuia gurudumu tu. Kinachosimamisha gari ni barabara. Vumbi la volkano au tope likikaa katikati, wawili hao hawagusani tena sawasawa, hata pedi zikiwa mpya.

Hapo ndipo kitenzi kufunga kinaponisumbua. Gurudumu linalozunguka vizuri hukanyaga ardhi bila kuteleza, na msuguano huo tuli ndio wenye nguvu. Likifungwa kabisa linaburuzwa, msuguano unapungua, na usukani hautii. Magari yenye ABS hubana na kulegeza breki mara nyingi ndani ya sekunde moja ili gurudumu lisifungwe. Linashika, linaachia kidogo, linashika tena. Kitenzi cha watu kilikuwa sahihi tangu mwanzo.

Kaskazini zaidi, kwenye miteremko ya Kabasha kati ya Kanyabayonga na tambarare za Rwindi, lori lenye shehena linaweza kulemewa na joto lake lenyewe. Dereva akikanyaga mfululizo, mafuta ya breki yanachemka, mvuke unaingia kwenye mabomba, pedali inazama hadi sakafuni. Tunasema breki zimekufa. Ningependa tuseme zimechemka, maana neno hilo linataja chanzo na kumkumbusha dereva kuingiza gia nzito mapema, injini ichukue sehemu ya kazi.

Bado tuna pengo moja la maneno. Gari la kilomita 60 kwa saa hukimbia karibu mita 17 kila sekunde. Sekunde moja ya kuona mtoto na kunyanyua mguu tayari imekula mita hizo, kabla breki haijaguswa. Kisha, kwa breki nzuri, zinafuata kama mita 20 kwenye lami kavu, na kama 35 kwenye lami iliyolowa. Kasi ikiongezeka maradufu, sehemu hii ya pili inakuwa mara nne. Vipande vyote viwili tunaviita umbali wa kusimama. Napendekeza tuvitenganishe: umbali wa kushtuka, kisha umbali wa kushika. Mvua ikinyesha mjini Kiwanja, wa pili unarefuka. Dereva akitazama simu, unarefuka wa kwanza.