Mathias Mnyampala na Uwanja wa Ngonjera

Jambo likizoeleka sana, asili yake husahauliwa. Ndivyo ilivyo kwa ngonjera. Kwa miaka mingi wanafunzi wetu wameghani ngonjera mbele ya wazazi na viongozi, hata vijana wengi hudhani kwamba sanaa hii tumeirithi kama ilivyo kutoka kwa wahenga. Sivyo hata kidogo. Ngonjera ya jukwaani ilibuniwa katika karne ya ishirini, na aliyeiasisi ni mwana wa Ugogo, marehemu Mathias Mnyampala.

Mnyampala alizaliwa mwaka 1917 huko Ihumwa, karibu na mji wa Dodoma. Alikulia katika nchi ya wafugaji na wakulima, penye mibuyu mingi na mvua haba, na lugha ya nyumbani kwao ilikuwa Kigogo. Kiswahili alijifunza, akakipenda, akakitawala. Aliitumikia serikali akiwa karani na baadaye hakimu, huku kalamu yake haipumziki. Mwaka 1954 kilitoka kitabu chake juu ya historia, mila na desturi za Wagogo. Tena alitunga mashairi na tenzi zilizompatia jina miongoni mwa malenga wa pwani na wa bara.

Washairi wa Kiswahili wamekuwa wakijibizana tangu zamani. Huyu hutupa fumbo, yule hulifumbua. Huyu husifu, yule hukanusha. Lakini majibizano hayo yalikaa zaidi katika barua, magazetini na barazani kwa watunzi wenyewe. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Mwalimu Nyerere aliwataka washairi wawafafanulie wananchi siasa mpya ya Ujamaa na Kujitegemea. Mnyampala, aliyekuwa kiongozi wa UKUTA, yaani chama cha Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania, aliyachukua majibizano yale akayasimamisha kwa miguu. Kila sauti aliipa mtu wake. Asiyejua akamkabili ajuaye, wakabishana kwa vina na mizani mbele ya hadhira, hata wakafikia mwafaka. Mnyampala alifariki mwaka 1969. Vitabu vyake viwili vya Ngonjera za Ukuta vilichapishwa mwaka 1970 na 1971, na sanaa hiyo ikaenea katika shule za nchi nzima.

Yafaa tumlinganishe na watunzi wa michezo wa Ulaya waliosifiwa kwa kuvunja kawaida. Huko Ujerumani, Bertolt Brecht alitunga michezo mifupi ya kufundishia, akakusudia kwamba wanaoigiza wajifunze zaidi kuliko wanaotazama. Mwaka 1930 mchezo wake mmoja ulionyesha mtoto aliyekubali kufa kwa kufuata desturi. Wanafunzi wa shule moja ya Berlin waliujadili, wakauliza kwa nini mtoto yule akubali. Brecht hakuwakemea. Aliurekebisha mchezo ule, akatunga na mwingine, ambamo mtoto anakataa.

Kisa hiki kina funzo kwetu. Wapo wanaoidharau ngonjera wakisema kwamba haina mgogoro, kwamba msemaji wa pili hushindwa kabla hajafumbua kinywa. Lawama hii ina ukweli, wala haifai kuifunika. Tumesikia ngonjera nyingi ambamo mpinzani ni mjinga asiye na hoja, anayengoja kuelimishwa ili apigiwe makofi. Ngonjera ya namna hiyo haimshawishi mtu. Mkulima mwenye shaka akiitazama hajioni ndani yake, naye hurudi nyumbani na shaka yake ile ile.

Hata hivyo, dosari hiyo si ya umbo lenyewe. Tukumbuke kwamba mwasisi wake alikuwa hakimu. Hakimu hawezi kukata shauri kwa kusikiliza upande mmoja. Mdai na mdaiwa wote hupewa nafasi, na hukumu hupata uzito kwa sababu hoja ya aliyeshindwa ilisikika. Ngonjera nayo ina viti viwili. Kimoja kikikaliwa na kivuli, kilichobaki ni hotuba yenye vina.

Basi, walimu wenzetu, mnapowatungisha wanafunzi ngonjera, msianze na yule mwenye jibu. Anzeni na mwenye shaka. Mpeni hoja nzito kadiri mwezavyo, hoja mnayoisikia kweli sokoni na shambani, kisha mumwache mwenzake atoke jasho kumjibu. Na ikiwa jibu halikupatikana, mwafaka usilazimishwe. Darasa litalichukua swali hilo hadi nyumbani.

Nanyi wanafunzi, msiione ngonjera kuwa pambo la sherehe tu. Mtu aliyezaliwa mbali na pwani, ambaye Kiswahili hakukinyonya ziwani, aliiongezea lugha hii umbo jipya la sanaa, nalo likaenea nchi nzima. Urithi huo tutautunza kwa kuuachia ubishi wake.