Mguu wa Mama Mdogo

Wadau, mnaopita hapa kila mara mnajua mimi na magari si ndugu. Leo nivumilieni. Mama mdogo ana gari dogo la mtumba, na tangu mwezi uliopita ukigusa tu pedali ya mafuta linaruka kama mbuzi aliyechapwa fimbo. Kwenye foleni ya Mwenge nusura aivae bajaji iliyokuwa mbele yake. Gereji ya kwanza wakabadilisha plagi, tatizo lilipobaki wakacheka: "Mama, mguu wako mzito." Mtu ana leseni tangu mimi sijaanza shule! Aliumia sana. Akaegesha gari, akarudi kwenye daladala.

Mimi nikafanya kile ninachokiweza, nikaanza kusoma.

Kumbe zamani mguu haukuhusika kabisa na mafuta. Ford Model T, lililotengenezwa kuanzia 1908 hadi 1927 na kupita idadi ya milioni 15, lilikuwa na pedali tatu na hakuna hata moja ya mafuta. Dereva aliongeza mwendo kwa mkono, kwa kijiti kilichokaa chini ya usukani. Mguu ulipokuja kupewa kazi hiyo, kwa miongo mingi kati ya pedali na injini kulikuwa na vyuma au waya tu. Waya ukilegea, unakanyaga hewa kwanza, halafu gari linashtuka. Kilango kinachoingiza hewa kwenye injini kikijaa masizi, kinanata. Unaongeza mguu, kinabanduka ghafla, shingo inarudi nyuma. Fundi alivuta waya kwa kidole, akasikiliza, akajua.

Sasa tuingie Marekani, maana huko ndiko mguu uliposhtakiwa rasmi. Mwaka 1986 televisheni ya CBS ilirusha kipindi kuhusu Audi 5000, gari lililodaiwa kuchomoka lenyewe. Mauzo yake yakaporomoka. Mwaka 1989 mamlaka ya usalama barabarani, NHTSA, ikatoa ripoti: kwa sehemu kubwa madereva walikanyaga mafuta wakidhani ni breki. Watu wengi huishia hapo. Lakini ripoti hiyo hiyo ilisema kifaa cha kurekebisha mzunguko wa injini ikiwa imetulia kiliweza kuharibika na kusababisha mishtuko mifupi, na mshtuko wa namna hiyo ungeweza kumfanya dereva akurupuke. Yaani mguu ulikosea, sawa, ila kuna kitu kilichoutisha kwanza. Kwangu mimi hilo ni jambo kubwa.

Kisha waya ukaondolewa. Toyota Camry ya kuanzia toleo la 2002 ilitumia sensa kwenye pedali. Sensa inaipa kompyuta taarifa kwa umeme, na mota ndogo inafungua kile kilango. Agosti 2009 watu wanne walikufa California ndani ya Lexus iliyoshindwa kusimama. Zulia la gari la aina nyingine lilikuwa limebana pedali. Mamilioni ya magari yakaitwa kurekebishwa, mengine kwa sababu ya mazulia, mengine kwa sababu ya pedali zinazonata. Watu wakauliza: je, si kompyuta? NHTSA ikawaita wahandisi wa NASA, wale wa roketi.

Februari 2011 wakatoa majibu. Hawakupata ushahidi kwamba umeme ndio uliosababisha magari kuchomoka kwa kasi kubwa. Ila walifungua pedali ya Camry moja ambayo mwenyewe alilalamika kwamba inashtuka-shtuka, na ndani wakakuta unywele wa bati, mwembamba kuliko wa kichwani, umeota wenyewe na kuunganisha njia mbili za umeme ambazo hazikupaswa kugusana. Yule mteja hakuwa na mguu mzito.

Mwaka 2014 Toyota ilikubali kulipa dola bilioni 1.2 katika kesi ya serikali ya Marekani, kwa kuwapotosha wateja kuhusu mazulia na pedali. Kosa lilikuwa kuwaficha watu.

Niliposoma hayo nikampeleka mama mdogo kwa fundi mwingine, mzee mmoja wa Tandika. Hakuuliza nani anaendesha. Alikagua kilango cha hewa, kisafi. Akachomeka mita kwenye nyaya za pedali, akaniambia, "Kanyaga polepole, kijana wangu, polepole kama unamkanyaga kifaranga." Namba zikapanda vizuri, kisha zikaruka. Akanirudisha. Zikaruka pale pale. Ndani ya sensa kuna njia inayosuguliwa kila unapokanyaga, na hiyo ilikuwa imelika sehemu ileile ambayo mguu hutua kwenye foleni.

"Umeona, shangazi?" akamwambia mama mdogo, ingawa kwa umri wanalingana. Mama mdogo akaomba aonyeshwe tena. Akaonyeshwa mara tatu.

Pedali ya mtumba imefungwa Jumamosi, na Jumapili alinipitia kwenda kanisani, taratibu kabisa. Hela ya plagi kule gereji ya kwanza bado anaidai.