Kunakili na Kuazima: Historia ya Maandishi Yakaayo Ghala Moja na Kusomwa Pengine

Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili anajua vyema yanayoyapata maandishi yanapohama. Mashairi ya Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa, yalikusanywa na Mwalimu Sikujua, yakaandikwa kwa hati za Kiarabu, yakapita mikononi mwa W. E. Taylor aliyeyatia maelezo, na hatimaye yakachapishwa na William Hichens mwaka 1940. Kila hatua ilikuwa ni nakala, na kila nakala ikishatoka mkononi mwa mnakili ilishika njia yake: sahihisho la moja halikuifikia nyingine. Makala haya yanakusudia kueleza jaribio la kuikwepa hali hiyo katika wavuti, yaani jaribio la kuyaacha maandishi mahali pamoja, katika mfumo wa kusimamia maudhui, huku yakionekana katika kurasa za watu wengine. Ufundi wake tutautaja kwa kadiri ya haja tu. Linalotushughulisha zaidi ni mamlaka juu ya maandishi: ni nani ayasahihishe, ni nani atajwe, na ni nani aweze kuyafunga.

Wazo lenyewe ni kongwe kuliko wavuti. Mmarekani Ted Nelson alianza mradi wake wa Xanadu mwaka 1960, na katika kitabu chake Literary Machines akaeleza mpango ambao ndani yake nukuu hainakiliwi kamwe. Kipande cha maandishi ya mtu hubaki kwake, na hati nyingine hukionyesha tu. Msomaji aweza kurudi kwenye asili yake wakati wowote, na mwandishi hulipwa ujira mdogo kila kisomwapo. Mpango huo haukupata kutumika kwa upana aliouwaza, lakini kila kilichofuata chaweza kupimwa kwao.

Tim Berners-Lee, alipoandika pendekezo lake katika CERN mwezi wa Machi 1989, alichagua njia nyepesi zaidi. Kiungo chake huelekea upande mmoja: anayeelekezewa hana habari, na ukurasa ukiondolewa kiungo hubaki kikielekeza patupu. Wepesi huo, kwa maoni yetu, ndio ulioifanya wavuti ienee. Hata hivyo haja ya kuonyesha, badala ya kuelekeza tu, ilirudi upesi. Mwaka 1993 Marc Andreessen alipendekeza alama ya kuingiza picha ndani ya ukurasa, na picha hiyo yaweza kutoka katika seva yoyote. Kisha zikaja fremu, zilizougawa ukurasa mmoja katika madirisha kadhaa, kila dirisha na asili yake.

Ugomvi haukuchelewa. Tovuti iitwayo TotalNews ilizionyesha habari za magazeti makubwa ndani ya fremu zake, ikizizungushia matangazo yake yenyewe. Mwezi wa Februari 1997 The Washington Post na wenziwe, wakiwamo CNN na Reuters, walifungua mashtaka mjini New York. Hakimu hakupata nafasi ya kuamua, kwani mwezi wa Juni pande zote zilipatana: TotalNews iliruhusiwa kuweka viungo, ikakatazwa fremu. Hapa tofauti kati ya kuelekeza na kuonyesha, ambayo Nelson aliishughulikia kwa nadharia, iliandikwa katika mkataba wa wanasheria.

Mifumo ya kusimamia maudhui iliongeza uzito wa jambo hili. Mfumo wa namna hiyo huyatenga maandishi na sura yake. Maandishi hukaa katika hifadhidata, na kiolezo ndicho kinachoamua herufi, rangi na mpangilio pale msomaji anapouomba ukurasa. Drupal ilitolewa mwaka 2001 na WordPress mwaka 2003. Maandishi yakishatengwa hivyo, hakuna sababu ya kiufundi ya kuyafungia katika tovuti moja. Tayari mwaka 1999 kampuni ya Netscape ilikuwa imetoa RSS, namna ya kuandika vichwa vya habari na anwani zake ili tovuti nyingine ivisome na kuvionyesha. Mpenzi wa lugha atafurahi kujua kwamba herufi hizo tatu zilidumu huku maneno yanayofupishwa nazo yakibadilishwa mara mbili, kila kundi la watengenezaji likidai fasiri yake.

Kizuizi kikubwa kilitoka katika vivinjari vyenyewe. Kwa ajili ya usalama, kivinjari hakiiruhusu programu iliyomo katika ukurasa mmoja kuyasoma majibu ya seva nyingine. Mwaka 2005 ilienea hila ya kuyavika maandishi umbo la programu, kwa kuwa programu ilikuwa huru kutoka popote; lakini mwenye ukurasa aliyeitumia alimpa mgeni ruhusa ya kutenda lolote ndani ya ukurasa wake. Kanuni mpya ilipitishwa mwezi wa Januari 2014: tangu hapo ni seva yenye maandishi inayotaja ni kurasa zipi zikubaliwe kuyasoma. Desemba 2016, toleo la 4.7 la WordPress liliweka ndani ya mfumo wenyewe anwani zinazotoa makala matupu, bila kiolezo, kwa yeyote atakaye kuyaonyesha kwingine.

Kiswahili kimekwisha kuingia katika utaratibu huu. Wikipedia ya Kiswahili ilianza mwaka 2003, na kwa miaka mingi kila makala yake ilibeba orodha yake ya viungo vya kwenda lugha nyingine. Machi 2013 orodha hizo zilianza kuhamishiwa Wikidata, ghala moja la lugha zote. Faida yake ni kubwa: sahihisho moja huonekana mara moja kila mahali. Lakini sehemu ya ukurasa wa Kiswahili sasa yaweza kubadilishwa na mtu asiyejua neno moja la Kiswahili, bila ukurasa wenyewe kuguswa. Mnakili wa zamani alikosea, lakini alikosea kwa mkono wake, na kosa lake twaweza kulifuatilia katika hati yake.

Mahakama nazo hazijanyamaza. Tarehe 9 Machi 2021 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika shauri lililoihusu Maktaba ya Kidijitali ya Ujerumani, iliamua kwamba mwenye haki akiweka vizuizi vya kiufundi dhidi ya fremu, atakayevikwepa anahitaji idhini yake. Hivyo ruhusa ya kuonyesha inategemea, kwa sehemu, kile ambacho fundi amekiandika katika seva.

Limebaki suala la hifadhi, nalo ndilo linalowagusa zaidi watafiti. Internet Archive imekuwa ikinakili kurasa tangu 1996. Ukurasa ambao maandishi yake huitwa kutoka ghala la mbali pale tu usomwapo mara nyingi humtoroka mnakili huyo: yeye hupata kiolezo, na maandishi hayamo. Ghala likifungwa, kurasa zote zilizoazima humo huwa tupu siku hiyo hiyo.