Mbegu Katika Kibuyu: Habari za Bustani ya Nyumbani Katika Bonde la Ufa

Msomaji, ukipita njia kuu itokayo Naivasha kwenda Gilgil na Nakuru, kisha ukapanda kuelekea Njoro na Molo, utaona malisho mapana, na baadaye mashamba ya ngano, mahindi na viazi. Macho hupenda vitu vikubwa, na mashamba hayo ni makubwa. Lakini nakuomba utazame pia nyuma ya nyumba za watu. Huko aghalabu utaona kipande kidogo cha ardhi, pengine hatua kumi kwa hatua kumi, chenye sukuma wiki, maharagwe, maboga, mnavu na mchicha. Wapitao njia hawakitupii jicho, wala vitabu vingi vya historia havikitaji.

Hata hivyo, kipande hicho kina historia yake, nayo ni historia ya watu wengi kuliko ile ya magavana na majemadari. Bonde la Ufa ni nchi ambamo watu walihamishwa mara kwa mara. Ardhi yaweza kunyang'anywa, nyumba yaweza kuchomwa, na mifugo yaweza kuuzwa kwa lazima. Mbegu ni moja ya mali chache ziwezazo kubebwa katika upindo wa nguo. Lakini mbegu peke yake haitoshi. Yahitaji mtu ajuaye kuipanda na kuitunza. Basi shule ya elimu hiyo ilikuwa nyuma ya nyumba: mwalimu wake alikuwa mama au bibi, na mwanafunzi wake alikuwa mtoto.

Tuanze na nchi yenyewe. Reli kutoka Mombasa ilifika Nakuru mwaka 1900. Miaka minne baadaye, mwaka 1904, Wamaasai walitiwa katika mapatano yaliyowaondoa katika malisho yao ya Naivasha na Nakuru, na ardhi hiyo ikagawiwa walowezi wa Kizungu. Mmoja wao, Lord Delamere, alifanya majaribio ya ngano huko Njoro. Ngano yake ilishambuliwa na ugonjwa wa kutu, ikambidi kutafuta mbegu zinazoweza kuustahimili. Kazi hiyo iliendelezwa na serikali ya kikoloni, na mwaka 1927 kituo cha kuzalisha mbegu kikaanzishwa hapo Njoro. Kituo hicho kimekuwa mashuhuri duniani: tangu mwaka 2005, ngano kutoka nchi nyingi hupelekwa huko ipimwe kama yaweza kushindana na kutu.

Hiyo ni historia ya mbegu iliyoandikwa. Kila aina ilipewa jina na namba, na mavuno yake yalipimwa kwa mizani. Lakini katika mashamba yale yale ilikuwapo historia ya pili isiyoandikwa, nayo ndiyo niitakayo.

Mlowezi alikuwa na ardhi nyingi, lakini hakuwa na mikono ya kuilima. Kwa hiyo wafanyakazi wengi, hasa Wakikuyu, walikuja kukaa katika mashamba hayo pamoja na jamaa zao. Waliitwa maskwota. Sheria ya mwaka 1918 iliwataka wafanye kazi siku zisizopungua 180 kila mwaka, na kwa kazi hiyo waliruhusiwa kujenga, kufuga na kulima kipande cha ardhi. Mume alipokwenda kwenye ngano ya bwana, na watoto wengi walipochuma maua ya pareto, chakula cha nyumbani kilitoka katika shamba dogo la mama. Jioni na siku za mapumziko mtoto alimfuata mamaye huko. Hakufundishwa kwa ubao wala chaki. Alishika mbegu kwa vidole vyake, akaambiwa afukie kina cha kiungo kimoja cha kidole, kisha akaachwa asubiri.

Usidhani kwamba elimu hiyo ilikuwa nyepesi. Udongo wa pande za Nakuru umetokana na majivu ya volkano. Ni mzuri, lakini mahali pengi maji hupenya upesi na tuta hukauka kabla ya mche kukaza mizizi. Huko juu Molo baridi kali yaweza kuua maharagwe kwa usiku mmoja. Mtoto alijifunza kuzisoma dalili za mvua ya masika, ianzayo aghalabu mwezi wa Machi, na kufunika udongo kwa nyasi ili usipoteze unyevu.

Alijifunza pia kuchagua. Mkulima asiyejua hula mazao bora na kupanda yaliyosalia. Ajuaye hutenga yaliyo bora kwa mbegu kabla hajaonja kitu. Maharagwe ya mbegu yaliachwa yakaukie juu ya mmea, yakapukuchuliwa, yakachanganywa na majivu ili fukusi wasiyatoboe, kisha yakatiwa katika kibuyu na kuzibwa. Magunzi ya mahindi yalitundikwa juu ya meko, na moshi ukafanya kazi ya dawa. Kila kibuyu kilikuwa kama kitabu kimoja cha maktaba ya jamaa.

Palikuwa na amri moja kubwa: mbegu hailiwi. Ni rahisi kuitamka amri hii tumbo likiwa limeshiba. Fikiri, msomaji, mama aonaye watoto wake wakilala na njaa mwezi wa Februari, na juu ya kichwa chake kipo kibuyu kilichojaa maharagwe. Akiyapika, watashiba siku mbili. Asipoyapika, huenda wakashiba mwaka ujao. Jaribu la namna hiyo limewafikia hata wataalamu wakubwa. Mji wa Leningrad, huko Urusi, ulipozingirwa na majeshi ya Ujerumani tangu Septemba 1941 hadi Januari 1944, wataalamu wa chuo cha mimea walikuwa walinzi wa hazina kubwa ya mbegu zilizokusanywa kutoka pande nyingi za dunia. Baadhi yao walikufa kwa njaa, ilhali mchele na nafaka nyingine zilikuwa karibu yao, nao hawakuzila. Dunia imewasifu, na ni haki yao. Lakini mama wa Bonde la Ufa aliyeacha kibuyu chake kimezibwa hakuandikwa popote, ingawa jaribu lake lilikuwa la aina ile ile.

Baadaye mambo yalizidi kuwa magumu. Sheria mpya ya mwaka 1937, iliyoanza kutekelezwa mwaka 1940, iliwapa walowezi, kupitia mabaraza yao ya wilaya, uwezo wa kupunguza mifugo ya maskwota na ekari walizolima, na kuongeza siku za kazi. Shamba la mama likafinywa kila upande. Vita vya uhuru vilipochacha na hali ya hatari kutangazwa mwezi wa Oktoba 1952, maelfu ya Wakikuyu waliondolewa Bonde la Ufa na kurudishwa katika maeneo yaliyotengwa kwa ajili yao, ambako wengi hawakuwa na ardhi tena. Hapo ndipo twaona thamani ya kitu kidogo. Fiwi, zile kunde nyeusi zenye mstari mweupe ambazo Wakikuyu huziita njahi na kuwapikia akina mama waliojifungua, zimedumu mpaka leo kwa sababu katika kila kuhama palikuwa na mtu aliyekumbuka kuzichukua na mtu aliyejua kuzipanda.

Uhuru ulipatikana mwaka 1963, na mengi ya mashamba ya walowezi yakagawiwa wananchi. Serikali ilitaka watoto wapende kilimo. Tangu mwaka 1962 vilikuwako katika shule vyama vya 4K, yaani Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, ambamo watoto walilima matuta yao wenyewe. Baada ya muda vyama hivyo vilififia, kisha vikafufuliwa mwaka 2021.

Wakati huo huo mbegu mpya ilikuja. Mwaka 1964 wakulima wa Kenya walianza kupewa mahindi chotara yaliyozalishwa Kitale. Yatupasa kusema kweli: mbegu hiyo iliongeza mavuno na kuondoa njaa katika nyumba nyingi, wala asiwepo mtu wa kuidharau. Lakini ina tabia moja. Ukipanda tena punje ulizovuna kwake, watoto hawafanani na wazazi: mmoja mrefu, mmoja mfupi, na mavuno hupungua. Kwa hiyo mkulima hulazimika kununua mbegu kila mwaka. Polepole watu wakazoea duka, vibuyu vikasahauliwa, na mtoto akakua akidhani kwamba mbegu hutoka katika pakiti kama vile sabuni itokavyo katika karatasi yake.

Sheria nayo iliingia. Sheria ya mbegu ya mwaka 1972, pamoja na marekebisho yake ya 2012, ilikusudia kuwalinda wakulima na mbegu mbovu; lakini pia ilimtia hatarini mkulima aliyemuuzia au kubadilishana na jirani mbegu zisizosajiliwa. Adhabu iliweza kuwa faini ya hadi shilingi milioni 1 au kifungo cha hadi miaka miwili. Wakulima wadogo walikwenda mahakamani, na mwezi wa Novemba 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba vifungu vilivyowazuia kuweka na kubadilishana mbegu zao za asili vilikiuka katiba. Katika kusaidia kazi hiyo ya kuhifadhi, mji mdogo wa Gilgil umekuwa na sehemu yake, kwa maana tangu mwaka 2009 kumekuwako huko chama cha kuhifadhi mbegu za asili, kiitwacho Seed Savers Network.

Lakini mahakama haiwezi kupanda. Yaweza kukupa ruhusa tu. Mnyororo wa elimu hukatika kwa urahisi: bibi akifariki bila ya kufundisha mtu, hata mbegu zake zikibaki ghalani, baada ya miaka michache hazitaota tena. Ndiyo maana nasema nawe, uliye katikati ya bibi yako na mdogo wako.

Chukua mdogo wako na uanze kwa maharagwe, kwa kuwa huchavuka yenyewe na huzaa mbegu zifananazo nayo. Maboga huchanganyika na ya jirani. Kwanza pimeni mbegu: laza kumi katika kitambaa chenye unyevu, na baada ya siku chache hesabuni zilizoota. Zikiwa nane au zaidi, pandeni. Zikiwa chache, tafuteni nyingine. Mpe mtoto mstari wake mwenyewe, usimpe kazi ya kuchota maji tu, kwa maana mtu hukilinda kilicho chake. Akizifukua mbegu siku ya tatu ili aone kama zimeota, usimgombeze. Mwonyeshe mzizi ulivyotangulia kushuka kabla ya jani kupanda. Mwisho, mwache achague yeye mmea bora kuliko yote, aufunge uzi, na kuukataza mkono wa mpishi. Samaki mkunje angali mbichi.

Kisha muulizeni bibi jina la maharagwe hayo, alikoyatoa, na nani alimpa. Yaandikeni majibu yake, pamoja na mwaka, kwenye karatasi, mkaitie ndani ya chombo pamoja na mbegu. Kwa karne nzima habari hizi zilikaa katika vichwa vya watu wasiojua kusoma, nao walizihifadhi kwa uaminifu. Itakuwa aibu zikipotea mikononi mwetu sisi tunaojua kuandika.