Lori la zamani linapopoteza maji: Namna ya kutafuta uvujaji usioonekana

LUPASO, wilayani Masasi mkoani Mtwara, inafahamika zaidi kama kijiji cha nyumbani cha Rais wa Awamu ya Tatu, Benjamin Mkapa, alikozikwa Julai 29, 2020. Kwa wenye malori, hata hivyo, eneo hilo ni sehemu ya ukanda wa korosho, ambako mzigo wa msimu husafirishwa kutoka Masasi na Newala kuelekea Bandari ya Mtwara.

Newala iko juu ya uwanda wa Makonde, ambako mito na chemchemi ni haba na maji husukumwa kwa pampu kutoka bondeni. Dereva ambaye rejeta yake inakauka njiani anaweza kukosa hata ndoo moja ya kuongezea. Injini ikiendelea kuzunguka bila maji, silinda hedi hupinda au hupasuka, na matengenezo yake huweza kumeza faida ya msimu mzima.

Uvujaji unaoacha dimbwi chini ya lori si tatizo kubwa. Unaosumbua ni ule usioacha hata tone, na huo hutafutwa kwa mpangilio: nje kwanza, ndani baadaye.

Kazi huanza injini ikiwa imepoa kabisa, kwa sababu mfuniko wa rejeta ukifunguliwa kukiwa na moto, maji na mvuke huruka na kuunguza. Mfumo hujazwa maji, kisha pampu ya mkono yenye geji hufungwa mahali pa mfuniko na kujazwa upepo usiozidi kiwango kilichoandikwa kwenye mfuniko wenyewe. Mshale wa geji ukishuka, yapo mahali maji yanapotokea.

Hapo hukaguliwa mipira ya maji na vibano vyake, maungio ya rejeta, vizibo vya ubavuni mwa bloku na tundu dogo lililo chini ya pampu ya maji. Tundu hilo likitoa maji, sili ya pampu imekwisha. Alama nyeupe au za kutu huonyesha mahali maji yalipokaukia juu ya chuma cha moto. Kipimo hurudiwa injini ikiwa na joto, kwani baadhi ya nyufa hufunguka chuma kinapotanuka, na maungio mengine huvuja yakiwa baridi tu.

Nje kukiwa kukavu, uchunguzi huhamia ndani. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ni dalili kwamba maji yameingia. Lori likilala usiku kucha, nati ya kumwagia oili hulegezwa taratibu asubuhi. Maji, kwa kuwa ni mazito kuliko oili, hutangulia kutoka. Katika injini zenye laina zinazozungukwa na maji, sampu hufunguliwa, mfumo hujazwa upepo tena, na fundi hutazama kutoka chini ni laina ipi inayodondosha.

Moshi mweupe usiokwisha hata injini ikishapata moto huelekeza kwenye gasketi ya silinda hedi au ufa wa hedi. Mapovu ndani ya rejeta yana maana hiyo pia, lakini katika malori ambayo kompresa ya breki za upepo hupozwa kwa maji ya injini, kompresa nayo ni mshukiwa. Ikiwa mapovu hukoma mara mitungi ya upepo inapojaa na kompresa kupumzika, ni vema ikaguliwe kabla ya kufungua hedi.

Unga wa kuziba uvujaji huweza kumfikisha dereva gereji, ila si tiba. Huweza pia kuziba njia nyembamba za rejeta na kuzidisha joto. Maji matupu yakitumiwa muda mrefu huleta kutu, ambayo ndiyo chanzo cha matundu mengi katika injini kongwe. Kulanti huzuia kutu hiyo, lakini nyingi zina sumu yenye ladha tamu, hivyo haifai kumwagwa mahali watoto au mifugo wanapoweza kuifikia.

Baada ya matengenezo, kiwango cha maji hupimwa kila asubuhi kabla ya kuwasha injini na kuandikwa. Kikibaki palepale kwa safari kadhaa zenye mzigo, lori liko tayari kupanda Newala.