Land Cruiser 80: Tengeneza kilichochakaa kabla ya kuliinua gari

Toyota Land Cruiser toleo la 80 lilianza kuuzwa mwaka 1990, na mwaka 1998 nafasi yake ikachukuliwa na toleo la 100. Ni miongoni mwa magari ambayo Watanzania waliyabandika jina la “shangingi” enzi yalipokuwa yakiwabeba vigogo wa Serikali na wa miradi ya wafadhili. Yaliyosalia sasa yamo mikononi mwa watu binafsi, na wengi wao huwa na shauku moja: kuliinua gari, kulivisha matairi makubwa na kulifungia mkonga.

Gari hilo linamfaa mwenye kupenda kujitengenezea mwenyewe. Ekseli zake za mbele na nyuma ni nzima, zimekalia springi za koili badala ya zile za bapa zilizotumika katika toleo la 60. Injini yake ya dizeli aina ya 1HZ, yenye silinda 6 na ujazo wa sentimita za ujazo 4,164, haitegemei kompyuta ili iwake. Vipuri vyake bado vinapatikana Kariakoo na Gerezani jijini Dar es Salaam, au Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, ingawa mnunuzi hana budi kutofautisha halisi na bandia.

Hata hivyo, gari lenye umri wa miaka 30 huficha uchakavu mwingi chini ya rangi nzuri. Fedha ya kwanza inapaswa kwenda huko.

Mahali pa kuanzia ni ekseli ya mbele. Kila upande, mwishoni mwa ekseli, kuna tufe la chuma lililojazwa grisi, na ndani yake mna kiungo kinachozungusha gurudumu hata linapokatwa kona. Sili ya ndani ikichakaa, mafuta ya difu huvuja na kuingia katika tufe hilo, huiyeyusha grisi, kisha uji mweusi hutiririka nje. Dereva huona unyevu huo upande wa ndani wa gurudumu na huupuuza kwa kuwa gari bado linatembea. Baada ya muda husikika mlio wa “ka-ka-ka” usukani unapokatwa hadi mwisho, na mafuta yakifika kwenye pedi za breki, gari huanza kuvuta upande mmoja kila linaposimamishwa.

Kazi hiyo haihitaji akili ya ajabu. Inahitaji subira na vitambaa vingi. Gurudumu hufunguliwa, kisha kalipa ya breki, habu na shafti. Kila kitu huoshwa hadi kikauke, ndipo sili na beringi mpya hufungwa na grisi mpya kujazwa. Anayeifanya kwa mara ya kwanza atenge siku mbili nzima kwa pande zote mbili. Mambo mawili huwaponyoka wengi. Kalipa isiachwe ikining’inia kwa mpira wake wa breki, bali ifungwe kwa waya, kwa sababu mpira huo huweza kupasuka kwa ndani bila kuonekana. Vile vile, vipande vyembamba vya bati vilivyo juu na chini ya kiungo cha usukani virudishwe pale pale vilipotoka, kwani ndivyo vinavyopanga unene wa nafasi ya beringi.

Kuhusu jeki hakuna mjadala. Gari hili lina uzito unaozidi tani 2, na kulala chini yake likiwa limeshikiliwa na jeki peke yake ni kuchezea uhai. Stendi za chuma ziwekwe chini ya ekseli, na magurudumu yaliyobaki ardhini yazuiwe kwa magogo mbele na nyuma.

Upande wa injini, mkanda unaoendesha kemshafti na pampu ya dizeli hubadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika, vali na pistoni hugongana. Kwa kuwa mita ya kilomita ya gari kuukuu haiaminiki, ni busara kuubadilisha mara tu gari linaponunuliwa, na mmiliki asiye na uzoefu wa kulinganisha alama za puli amwachie fundi.

Jambo jingine ni thamostati. Mafundi wengi huing’oa na kuitupa kwa hoja kwamba nchi za joto haziihitaji. Ushauri huo umeharibu injini nyingi. Katika mifumo ya aina hii, thamostati inapofunguka kwa joto huziba pia njia ya mkato ya maji. Ikiondolewa, sehemu ya maji huzunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta, na gari lililopanda mlima likiwa na mzigo huchemka kuliko awali.

Baada ya hayo ndipo kuinua gari kunaweza kuzungumzwa. Springi ndefu zinazoongeza milimita 50 hufungwa kwa urahisi kiasi, na gari hupata umbo analolitamani mwenye nalo. Lisilosemwa dukani ni kwamba ekseli ya mbele hubadili mlalo wake, usukani hukosa utulivu, na kwenye barabara ya lami gari huanza kutangatanga. Dawa yake ni bushi maalumu zinazorudisha mlalo huo, na zinunuliwe siku ile ile pamoja na springi.

Hatari kubwa zaidi iko nyuma. Magari mengi ya toleo hili yana vali inayogawa nguvu ya breki kulingana na mzigo. Imeunganishwa na ekseli ya nyuma kwa fimbo ndogo: gari likiwa tupu, sehemu ya nyuma hunyanyuka na vali hupunguza nguvu ya breki za nyuma ili magurudumu yasijifunge, likipakiwa, huiongeza. Gari likiinuliwa bila fimbo hiyo kurekebishwa, vali hudhani wakati wote kwamba gari ni tupu. Familia nzima na mizigo yao huteremka mlima huku breki za mbele zikibeba kazi karibu yote. Kurekebisha ni kuinua kishikio cha fimbo kwa kiasi kile kile gari lilichoinuliwa, kazi ya saa moja tu, lakini ni nadra kukumbukwa.

Matairi nayo hudanganya. Kipenyo kikiongezeka kwa asilimia 10, mshale unaosoma kilomita 100 kwa saa humaanisha kwamba gari linakwenda 110.

Taa za ziada zifungwe kwa rilei na fyuzi iliyo karibu na betri. Taa mbili za wati 55 kwenye volti 12 huvuta zaidi ya ampea 9, na waya mwembamba uliounganishwa na swichi ya kawaida huweza kuyeyuka. Ama kuifungia 1HZ turbo, hilo si la mwenye kujifunza. Injini hiyo haikuundwa kwa ajili yake, na dizeli ikiongezwa bila kupima joto la moshi, silinda hedi na pistoni hupasuka.

Mkonga, kwa upande wake, una faida ya kweli endapo maungio yake yote yamezibwa vizuri. Likibaki tundu, huvuta vumbi na maji vile vile. Wanaoufunga husahau difu. Difu yenye joto ikizama ghafla kwenye maji baridi, hewa iliyomo husinyaa na kuvuta maji kupitia kipumulio au sili. Mpira wa kawaida wa mafuta, ukiunganishwa na kipumulio hicho na kupandishwa hadi karibu na boneti, huzuia hilo. Anayevuka mito mara kwa mara afungue nati ya difu baada ya safari: mafuta yakitoka na rangi ya maziwa, yabadilishwe siku hiyo hiyo.