Ngoma za Kale za Ulaya na Sauti Zilizopotea

Leo twataka kuwasimulia habari za ngoma zilizochezwa Ulaya yapata miaka 400 iliyopita, na jinsi wataalamu walivyojitahidi kuurudisha muziki wake uliopunguka.

Zamani zile wapigaji hawakutazama kitabu kimoja. Kila mmoja alikuwa na chake, kilichoandikwa sauti ya ala yake tu. Mwaka 1599 Thomas Morley alichapisha huko London muziki wa ala sita: luti, ambayo ni ndugu ya udi wa pwani yetu, pandora na siterni, zenye nyuzi pia, mazeze mawili ya kupigwa kwa upinde, dogo na kubwa, na filimbi. Vitabu basi vilikuwa sita, na kimoja kikipotea, muziki wote hulemaa. Ndivyo ilivyotokea. Hakuna seti kamili iliyosalia, na kitabu cha luti kimepotea karibu chote.

Pengo kama hili huzibwaje? Kwanza, kwa kutafuta maandiko mengine ya nyimbo zile zile. Matthew Holmes, aliyeongoza waimbaji wa kanisa huko Oxford, alinakili kwa mkono wake muziki mwingi wa luti na wa ala nyingine, nao umehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Kwa msaada wa nakala hizo Sydney Beck aliutengeneza muziki wa Morley, akautoa New York mwaka 1959.

Pili, kwa kuitazama miguu ya wachezaji. Padre mmoja wa Langres, Ufaransa, Jehan Tabourot, aliyejiita Thoinot Arbeau, alitoa mwaka 1589 kitabu cha kufundisha kucheza, ambamo hatua zimeandikwa kando ya noti. Kwake twajifunza kwamba pavana huenda kwa hatua mbili fupi na moja ndefu, jumla mapigo manane. Na galiadi ina hatua tano katika mapigo sita. Basi ukurasa ukiraruka, miguu yatuonyesha ni mapigo mangapi yaliyopungua.

Tatu, kwa kuifuata besi. Ngoma nyingi zilijengwa juu ya besi iliyojulikana na wapigaji wote, kama ile ya pasamezo.

Hata hivyo husalia noti ambazo hapana budi kuzitunga, na hapa ndipo penye hatari. Maana mtengenezaji aweza kuingiza mawazo yake mwenyewe, akawauzia watu kuwa ni ya kale. Katika jambo hili twamsifu Michael Praetorius wa Ujerumani. Mwaka 1612 alitoa kitabu kiitwacho Terpsichore, chenye ngoma zaidi ya 300. Nyimbo alizipata kwa Mfaransa Antoine Emeraud, mwalimu wa kucheza, na nyingi zilikuwa na sauti ya juu peke yake. Praetorius alizitungia sauti nyingine, akatia herufi za jina lake. Pale alipopewa sauti ya juu na besi, naye akajaza za kati tu, aliandika kwamba mtungaji hajulikani.

Wahariri waangalifu wa siku hizi hufanya vivyo hivyo: noti walizoziongeza huzichapa kwa herufi ndogo au ndani ya mabano, ili mpigaji ajue lipi ni la kale na lipi ni la jana. Kutia kiraka si aibu. Aibu ni kukificha.